Mbuzi Watatu kwa Mbwa Mmoja

Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Mumbuni, Machakos, aliuza mbuzi watatu ili mbwa wake apasuliwe, na habari hiyo ikazunguka kwa majuma kuanzia kwa kinyozi hadi kanisani. Wengi walicheka. Wengine walikasirika kabisa, hasa waliokuwa wamewahi kumwomba mkopo akawaambia hana. "Mwalimu, mbuzi watatu kwa mbwa?" aliulizwa mbele yangu, na aliyeuliza hakuwa akingoja jibu.

Mimi nasema mwalimu alifanya haki. Nasema pia kwamba mtu mwingine, kwa ugonjwa mwingine, angeweza kukataa kulipa, akamwita daktari amdunge mbwa sindano ya mwisho, naye akawa amefanya haki vilevile. Asiyefanya haki ni yule ambaye tuko wengi wa aina yake: anamfunga mbwa mgonjwa nyuma ya nyumba, anamwekea maji kwenye kopo, anasema "tumwachie Mungu", kisha anangoja hadi kilio kiishe chenyewe. Mungu hakuombwa achukue kazi hiyo. Tulimfuga sisi.

Mbwa wa mwalimu alikuwa jike chotara, damu ya German Shepherd kiasi na ya kienyeji kiasi, mlinzi wa boma hilo tangu mwenyewe alipostaafu. Majuma machache baada ya msimu wake wa kutafuta dume kupita, alianza kukataa chakula. Maji ndiyo aliyoyataka. Alikuwa anamaliza karai zima kabla ya saa sita. Tumbo likajaa. Majirani wakasema ni minyoo, na kijana wa agroveti akauza dawa ya minyoo. Siku zikapita. Daktari wa mifugo alipofika alimpima joto, akafunua ufizi akaona umepauka, akalibonyeza tumbo taratibu, kisha akauliza mara ya mwisho jike huyo kuwa katika msimu ilikuwa lini. Akaeleza kwamba mfuko wa uzazi umejaa usaha.

Huu ni ugonjwa wa majike wasiofungwa kizazi. Kila msimu unapopita, homoni huuacha ukuta wa mfuko wa uzazi umenenepa, na bakteria wakishaingia humo wanapata mahali pa kuzaana. Mlango wa mfuko ukiwa wazi, usaha hutoka nje na mwenye mbwa huona mapema. Ukiwa umefunga, sumu inabaki ndani, figo zinalemewa, na mfuko wenyewe unaweza kupasuka. Dawa peke yake mara chache humaliza kazi. Tiba ya uhakika ni kuutoa mfuko wote, haraka, kwa dripu na nusukaputi. Jumla, pamoja na dawa na ziara za kuangalia kidonda, daktari alitaja shilingi 28,000. Karo iliyowekwa na serikali kwa shule za bweni za kitaifa kwa miaka mingi imekuwa 53,554 kwa mwaka. Nusu ya karo ya mtoto ilikuwa imelala pale chini ya mti, ikihema.

Kilichonifanya nimheshimu mwalimu siku hiyo ni swali lake. Wengi wetu huuliza, "Daktari, atapona?" na daktari mwenye huruma hujibu, "Tutajaribu." Jibu hilo halimsaidii mtu kuamua. Mwalimu aliuliza, "Akiamka kutoka mezani, atakuwa mbwa wa namna gani?" Daktari akamweleza bila kumficha. Hatari kubwa ilikuwa saa ya upasuaji na siku mbili tatu za mwanzo, kwa sababu mgonjwa alikuwa amedhoofika. Akizivuka hizo, nyuzi zingetolewa baada ya majuma mawili hivi, angerudi kula, kukimbia na kubweka, na ugonjwa huo usingerudi tena kwa kuwa mahali pake pangekuwa pameondolewa. Mwalimu akachukua simu, akampigia mfanyabiashara wa mbuzi.

Swali hilo ndilo ninalotaka kila mwenye mbwa aende nalo kwa daktari. Pesa za tiba zinanunua nini, na zinamnunulia nani? Zikimnunulia mbwa miaka ya kula, kukimbia na kulinda boma, basi zina kazi, na mwenye uwezo wa kuzitoa azitoe bila kumwonea mtu haya. Zikitununulia sisi majuma mawili ya kuahirisha kwaheri, anayelipa ni mbwa, hata kama risiti ina jina letu.

Mbwa wangu mwenyewe, dume, nilimpeleka kwa swali lilelile nikapewa jibu tofauti. Alikuwa akitapika chakula punde tu baada ya kula, hakijasagika, mate yanamtiririka, na mbavu zinaanza kuhesabika. Daktari aliyemwona Machakos hakuwa na mashine ya eksirei, akatuelekeza Nairobi, mwendo wa kilomita sitini na kitu. Picha ikaonyesha uvimbe mkubwa kwenye umio.

Chanzo chake ni mnyoo anayeitwa Spirocerca lupi, na njia anayopitia ingefaa kujulikana na kila anayefuga mbwa mahali penye mifugo na kuku kama huku kwetu. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa mgonjwa. Mbawakavu wanaokula mavi huyameza. Mbwa humla mbawakavu, au humla kuku, mjusi ama panya aliyemla mbawakavu, na mabuu hutoboa tumbo, hufuata mishipa ya damu hadi mshipa mkuu utokao moyoni, kisha huhamia kwenye umio na kujijengea vivimbe humo. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, ziko sindano za kuwaua minyoo hao. Ukichelewa, kivimbe chaweza kugeuka saratani.

Cha mbwa wangu kilikuwa kimegeuka. Kumpasua kungekuwa kumfungua kifua, na mtaalamu alisema wazi kwamba hata akinusurika mezani, anachotarajia ni majuma, labda miezi michache ya kulishwa uji. Fedha ningeweza kuzikopa. Sikuzikopa. Nilimshika kichwa, daktari akamdunga dawa ya kumtuliza, kisha ile ya mwisho, akalala na moyo ukasimama. Sijajuta hata siku moja, na ningefanya vivyo hivyo kesho.

Naeleza hili kwa sababu watu wengi huku kwetu wanaiogopa sindano hiyo kuliko wanavyouogopa ugonjwa. Wanasema ni kuua. Dawa inayotumiwa zaidi, pentobarbitali, ni jamii ya dawa za usingizi. Hutolewa kwa kipimo kikubwa, mnyama akapoteza fahamu kwanza, ndipo pumzi na moyo vikasimama. Mbwa hajui kwamba ni mwisho. Anayejua ni wewe, na ndiyo maana inauma. Lakini kuumia kwako hakuwezi kuwa sababu ya kumwongezea yeye mateso. Binadamu mgonjwa anaweza kukubali maumivu ya leo kwa sababu anangoja harusi ya bintiye Desemba. Mbwa hana Desemba. Ana leo tu, na leo yake ikiwa ni kuhema na kulia, hakuna tumaini unaloweza kumweleza likampunguzia chochote.

Mwaka 2004 daktari wa Marekani anayetibu saratani za wanyama, Alice Villalobos, alitunga kipimo ambacho kimewasaidia wengi duniani kuamua. Anakutaka uangalie maumivu na jinsi mnyama anavyopumua, kula kwake, maji mwilini, usafi wake, furaha yake, uwezo wake wa kutembea, na mwisho kama siku njema bado zinazizidi siku mbaya. Kila jambo linapewa alama hadi 10, na jumla ikizidi 35 kuna sababu ya kuendelea kumtunza. Sipendi sana hesabu katika mambo ya moyo, ila hilo la mwisho nimeliona likifanya kazi. Chukua kalenda ya ukutani, ile ya kanisa au ya duka la mbolea, na kila jioni weka alama: leo ilikuwa njema au mbaya. Mtu anayempenda mbwa hujidanganya kwa urahisi; hukumbuka ile asubuhi moja alipotikisa mkia, akasahau usiku wote uliotangulia. Kalenda haisahau. Muhimu zaidi, inawapa watu wote wa nyumba jambo moja la kuangalia, badala ya baba kusema hivi, watoto vile, na nyanya akikumbusha kwamba enzi zake mbwa alikuwa wa kulala nje.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao unanisikitisha zaidi, nao ni wa mbwa wanaouawa au kuachwa kwa maradhi yanayotibika. Vijana wa mahali fulani pa kuoshea magari walikuwa na mbwa anayetokwa damu sehemu za siri, nyama imechomoza, inanuka. Wakakata shauri kwamba ni saratani isiyo na dawa, wakaanza kuzungumza habari ya sumu. Ilikuwa saratani kweli, lakini ya aina ya ajabu: huambukizwa mbwa kwa mbwa wanapopandana, na chembe zake zote duniani zimetokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Kwa sura inatisha. Kwa tiba ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa kuliko zote. Sindano ya vinkristini mara moja kwa juma, kwa majuma manne hadi sita hivi, huwaponya wengi wao bila kisu. Vijana wale walichanga kidogo kidogo kwa M-Pesa kila Ijumaa. Mbwa yupo, na bado anawafukuza pikipiki.

Kwa hiyo jina la ugonjwa lisikutishe kabla hujauliza, na bei nayo isikupumbaze. Kupe wanaweza kumwangusha mbwa hadi asisimame, na kumbe dawa za homa wanazozileta huuzwa kwa bei ya kawaida daktari akizitambua mapema. Parvo kwa mtoto wa mbwa hutibiwa kwa dripu na uangalizi wa usiku na mchana. Gharama hupanda haraka, lakini anayevuka hurudi mzima. Kinachogharimu sana mara nyingi ni siku zilizopotea mwanzoni, tulipokuwa tukijaribu maziwa, mafuta ya kupikia, na vidonge vya nyumbani. Hapa niseme kwa ukali kidogo: usimpe mbwa Brufen wala diklofenaki. Zinamtoboa tumbo na kumharibu figo. Wako mbwa waliopelekwa kwa daktari na mguu ulioteguka, wakafa kwa kidonge walichopewa na mtu aliyewaonea huruma.

Na usimkabidhi kisu mtu yeyote anayebeba mkoba wa sindano. Sheria ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao ya mwaka 2011 inawataka wote wasajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na imetenganisha kazi zao. Msaidizi wa afya ya wanyama ana kazi zake nyingi na za maana, lakini kufungua tumbo la mbwa ni kazi ya daktari. Kumwomba mtu nambari yake ya usajili si utovu wa heshima.

Sasa nirudi kwa wale waliomkasirikia mwalimu, kwa sababu hasira yao haikuwa ya kijinga. Walikuwa wakisema kwamba katika kaunti hii bado tunafanya harambee kuwatoa wagonjwa hospitalini. Tangu Oktoba 2024 mfanyakazi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya SHA, na bado mabasi madogo yanajaa watu wanaokwenda kuchangia bili. Mtu anapoona shilingi 28,000 zikienda kwa mbwa, anamwona mtoto wa fulani aliyekosa dawa.

Naikubali hoja hiyo mahali pamoja tu, lakini hapo naikubali yote: ndani ya nyumba yako mwenyewe. Pesa ya mbwa ikitoka kwenye sufuria ya watoto, kwenye dawa za presha za mama, au kwenye karo inayosubiriwa Jumatatu, basi isitoke. Mtu asikope kwa riba kumtibu mbwa akaja kuwaambia wanawe wakae nyumbani muhula mzima. Mbwa anategemea boma, na boma likivunjika naye hana pa kulala. Hapo ndipo sindano ya mwisho inapokuwa tendo la wajibu, na mwenye kuichagua asiitwe mkatili na watu ambao hawajawahi kuipima pesa kwa vijiko.

Nje ya nyumba hiyo hoja haina miguu. Hakuna aliyemuuliza jirani wa mwalimu, aliyebadilisha simu mwezi uleule kwa pesa zaidi ya hizo, mtoto wa nani amekosa dawa. Mwalimu aliuza mbuzi wake. Karo ya wanawe ilishalipwa zamani. Aliamua kwamba mnyama aliyemlinda, na ambaye hana mtu mwingine duniani wa kumwendea, ana haki juu ya sehemu ya mali yake. Sioni wazimu hapo. Naona mtu aliyehesabu.

Wenzetu wa nchi tajiri wamelipunguzia makali swali hili kwa bima. Uswidi ilianza kumkatia mbwa bima mwaka 1924. Hapa kwetu uamuzi wote unaangukia asubuhi moja, kwa mtu aliyeshtuka, mbele ya daktari anayesubiri. Ndiyo maana inafaa kuuamua kabla, wakati mbwa mzima. Kaeni mezani mwulizane: akiugua, tunaweza kutoa kiasi gani bila kumnyima mtu? Andikeni. Shilingi mia kila juma kwenye akaunti ya pembeni hufika zaidi ya elfu tano kwa mwaka. Haitoshi upasuaji, lakini inatosha daktari kuja siku ya kwanza badala ya siku ya sita.

Kuna ugonjwa mmoja ambao hauna mjadala wa gharama, na nauweka peke yake kwa sababu kosa lake huua watu. Ni kichaa cha mbwa. Nchini Kenya ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na mnyama akishaonyesha dalili hakuna wa kumrudisha. Wengi wanamngoja mbwa mkali anayekimbia akitoa povu. Wengine huja hivyo. Wengine huja kimya: mbwa amejificha chini ya kitanda, taya limelegea, mate yanadondoka, hawezi kumeza. Mwenye nyumba anadhani mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono kuutafuta. Virusi viko kwenye mate yale. Mkwaruzo mdogo kidoleni unatosha.

Ukimwona mbwa wa namna hiyo, ambaye tabia yake imebadilika ghafla, usimguse, usimlishe kwa mkono, usimpakie kwenye boda boda kumpeleka kliniki. Mfungie mahali alipo ukiweza kufanya hivyo kwa usalama, na uite daktari wa mifugo. Akiwa amemuuma mtu au kumlamba penye kidonda, osha hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo ukaanze chanjo. Chanjo ya binadamu ilijaribiwa na Louis Pasteur mwaka 1885 kwa mtoto aliyeumwa na mbwa, na mtoto akaishi. Hufanya kazi ikitangulia dalili. Baada ya dalili, mtu hufa kama mbwa anavyokufa, na dunia inakadiriwa kupoteza watu 59,000 kwa mwaka kwa njia hii.

Wala tusidhani kwamba sumu barabarani ni dawa yake. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamhesabia mtu hatia kwa kumlisha mnyama sumu bila sababu ya haki, na pia kwa kumsababishia mateso yasiyo ya lazima kwa kutenda au kwa kuacha kutenda. Hayo maneno ya kuacha kutenda yanamgusa moja kwa moja yule anayemwachia Mungu. Na kuua mbwa ovyo hakujamaliza kichaa popote, kwa sababu wengine huzaliwa upesi na kujaza nafasi, nao hawajachanjwa.

Machakos tuna sababu ya kulijua hilo kuliko wengine. Philip Kitala wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walifanya utafiti katika wilaya ya Machakos ya zamani, na matokeo yaliyochapishwa 2001 yangali yananishtua kila ninapoyasoma. Katika maeneo madogo sita waliyoyachunguza, nyumba zenye mbwa zilikuwa kati ya asilimia 53 na 81. Nusu ya mbwa wote walikuwa hawajafikisha mwaka mmoja. Dume aliyezaliwa alitarajiwa kuishi miaka 3.5, na jike miaka 2.4. Kati ya waliokuwa na miezi mitatu au zaidi, waliosemekana kuchanjwa walikuwa asilimia 29 tu, wakati kinachohitajika kukata maambukizi ni kama asilimia 70.

Miaka 2.4. Mbwa akitunzwa hufika 10 na kupita. Jike wa mwalimu, aliyefika umri wa kupata ugonjwa wa kugharimu mbuzi watatu, alikuwa tayari ameishi zaidi ya wenzake wengi. Hapo ndipo mjadala wetu wa gharama kubwa unapoonyesha tulivyoupindua: tunabishana juu ya upasuaji wa mbwa mmoja, na hatubishani juu ya mamia wanaokufa kwa kukosa chanjo. Na upasuaji wenyewe ungeepukika. Jike anayefungwa kizazi mapema akiwa mzima hapati usaha wa mfuko wa uzazi, hazai watoto watakaotupwa mtaroni, na kazi hiyo inafanywa kwa bei ndogo kuliko ile ya dharura. Watu hununua mtoto wa mbwa wa kizungu kwa maelfu, wakamjengea kibanda cha mabati mapya, kisha wanasema chanjo ni ghali.

Serikali ya taifa ina mpango wa kumaliza vifo vya binadamu vya kichaa cha mbwa, uliozinduliwa 2014 na unaotakiwa kutimia 2030, na Machakos imo katika kaunti zilizochaguliwa kuanza. Huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi. Naiomba kaunti ituonyeshe ratiba ya chanjo wadi kwa wadi, ibandikwe kwa chifu na isomwe kanisani na msikitini, ili mtu wa Mumbuni Kaskazini ajue tarehe kabla ya siku yenyewe.

Nasi tusikae kuingoja. Matuta yanayoshika udongo wa milima hii yalichimbwa kwa mwethya, watu wa kijiji kimoja wakiingia shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Hakuna kinachozuia nyumba ishirini za mtaa mmoja kufanya hivyo kwa mbwa: kuchagua Jumamosi moja, kumwita daktari aliyesajiliwa, kugawana nauli yake, akachanja wote na kufunga kizazi majike wa wale wanaoweza kulipa. Daktari akija kwa mbwa ishirini bei yake si ile ya kuja kwa mmoja. Na mtaa utakuwa na nambari ya simu ya mtu wa kumpigia siku mbwa wa mmoja wetu atakapokataa chakula.

Kwa wewe unayesoma haya huku mbwa wako amelala kibandani hajala tangu juzi: piga simu leo, usingoje Jumatatu. Muulize daktari mbwa atakuwa na maisha gani baada ya tiba, na muulize bei. Kama jibu la kwanza ni zuri na la pili unaliweza, lipa. Kama sivyo, mwombe huduma ya mwisho, ilipie, na uwepo inapofanywa.